Kigezo cha Ukimya katika Kuchagua Njia za Kuunganisha Data ya Ufuatiliaji wa Mtandao na Zana Nyingine

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayohudumia pwani ya mashariki ya Afrika, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ya intaneti ilizorota katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi, na ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifungwa kwa siku mbili kutokana na hitilafu hiyo. Kwa mhandisi wa mtandao, tukio la namna hii huibua swali ambalo miongozo ya mafunzo huligusa juu juu tu. Ikiwa programu ya ufuatiliaji imo ndani ya jengo la taasisi, na mfumo wa kupokea tiketi za hitilafu umo katika seva za kukodi ng'ambo, tahadhari inayosema kwamba njia ya kwenda nje imekatika itapita wapi?

Haitapita. Programu ya ufuatiliaji itakuwa imeona hitilafu, imeirekodi na imejaribu kuituma. Mfumo wa tiketi, kwa upande wake, hautakuwa umepokea chochote, na kwa kuwa haukupokea chochote utaendelea kuonyesha hali ya mwisho iliyoufikia, ambayo ni ya kijani. Kila zana itakuwa imefanya kazi yake ipasavyo. Kasoro itakuwa katika kiungo kilicho baina yao.

Makala haya yanafafanua njia zinazotumika kuunganisha data ya ufuatiliaji wa mtandao na zana nyingine, yaani mifumo ya tiketi, dashibodi za wasimamizi, mifumo ya uchambuzi wa usalama na zana za kupanga uwezo wa mtandao. Aghalabu njia hizo hulinganishwa kwa wepesi wa kuzifunga, kasi yake na gharama yake. Vigezo hivyo vina nafasi yake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kigezo kinachopaswa kutangulia vyote ni tafsiri ya ukimya: data isipofika, upande unaopokea utaelewa nini?

2.0 Data na namna inavyopotea safarini

Data ya ufuatiliaji si kitu cha aina moja, na aina zake hazipotei kwa namna moja. Itifaki ya SNMP, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1988, hutoa kwa wingi data ya vihesabu. Kihesabu cha kiolesura cha ruta hufanana na mita ya maji: hakisemi maji yanatiririka kwa kasi gani sasa, bali husema ni kiasi gani kimepita tangu kilipoanza kuhesabu. Kasi hupatikana kwa kusoma mara mbili, kutoa usomaji wa kwanza katika ule wa pili, kisha kugawanya kwa muda uliopita.

Mita hiyo ina ukomo. Kihesabu cha biti 32 kikifika 4,294,967,295 hurudi sifuri na kuanza upya. Kwa kiolesura cha megabiti 10 kwa sekunde kilichojaa pomoni, mzunguko mmoja huchukua dakika 57 na kidogo. Kwa megabiti 100 huchukua dakika 5.7; kwa gigabiti 1 huchukua sekunde 34. Zana inayosoma kila baada ya dakika tano inapona kwa tundu la sindano katika kiolesura cha megabiti 100, na katika kile cha gigabiti 1 inasoma namba ambazo hazina maana yoyote, kwani kihesabu kinaweza kuwa kimezunguka mara kadhaa bila ya kujulikana. Ndiyo sababu viliongezwa vihesabu vya biti 64. Hata hivyo, si nadra kukuta kiunganishi kilichoandikwa zamani kikiendelea kuomba vihesabu vya biti 32, kwa kuwa hakuna ujumbe wa kosa unaotokea: grafu huchorwa, na huonekana nzuri.

Hapa pana uamuzi wa kwanza wa kuunganisha, nao hufanywa mara nyingi bila ya kufikiriwa. Je, zana ya ufuatiliaji itume kihesabu kama kilivyo, au ikokotoe kasi kwanza na kutuma kasi hiyo? Kutuma kasi huonekana kuwa ukarimu kwa mpokeaji, kwa kuwa namba iko tayari kutumika. Lakini kasi isiyofika imepotea moja kwa moja. Kihesabu kina uvumilivu zaidi. Sampuli tatu zikipotea njiani, ya nne inapofika bado inaonyesha jumla ya baiti zote zilizopita katika kipindi chote cha pengo. Kinachopotea ni umbo la matumizi ndani ya kipindi hicho, si kiasi. Kwa hiyo, pale ambapo mpokeaji anaweza kukokotoa mwenyewe, kihesabu cha biti 64 pamoja na wakati kiliposomwa ni bora kuliko kasi. Sharti lake ni kwamba mpokeaji apewe pia muda ambao kifaa kimekuwa kikifanya kazi tangu kiwashwe. Bila ya taarifa hiyo, ruta iliyozimwa na kuwashwa upya itaonekana kama kihesabu kilichozunguka, na grafu itachora mlima mrefu ambao haukuwapo.

Namna nyingine ya kupotea ni ya polepole. Programu ya RRDtool, iliyotolewa na Tobias Oetiker mwaka 1999 baada ya MRTG yake ya mwaka 1995, ilieneza utaratibu wa kuhifadhi data katika faili isiyokua: kadiri data inavyozeeka, sampuli huunganishwa kuwa wastani wa vipindi virefu zaidi. Ni utaratibu wa busara, hasa zama ambazo diski zilikuwa ghali. Lakini ichukuliwe kwamba kiungo cha tawi kimetumika kwa asilimia 10 siku nzima, isipokuwa dakika tano ambazo kilijaa kwa asilimia 100. Wastani wa siku hiyo ni asilimia 10.3. Zana ya kupanga uwezo wa mtandao inayounganishwa na hifadhi hiyo mwaka mmoja baadaye itaripoti kwamba kiungo hakijawahi kuelemewa, na watumiaji waliolalamika siku ile wataonekana waongo.

RRDtool hiyohiyo ina somo jema kuhusu ukimya. Kila chanzo cha data ndani yake hupangiwa muda wa juu wa kusubiri. Muda huo ukipita bila ya sampuli, thamani inayoandikwa si sifuri bali ni thamani maalumu ya "haijulikani". Tofauti baina ya sifuri na haijulikani ni kubwa kama ilivyo tofauti baina ya nyumba isiyo na mtu na nyumba ambayo haijabishwa hodi. Kwa bahati mbaya, tofauti hii ndiyo inayokufa kwanza data inapohamishwa. Hati fupi ya kuhamisha data kwenda kwenye jedwali huona mahali patupu, na mwandishi wake, kwa kutaka jedwali lisimlalamikie, hupajaza sifuri. Tangu hapo hitilafu ya upimaji imegeuka kuwa taarifa rasmi kwamba mtandao haukutumika.

Kumbukumbu za matukio zina historia tofauti. Syslog ilianzishwa na Eric Allman katika miaka ya 1980 kama sehemu ya mradi wa Sendmail, na kwa muda mrefu imesafirishwa kwa UDP, mlango namba 514, bila ya mpokeaji kukiri kupokea. Ujumbe ukipotea hakuna anayejua. Data ya mikondo ya mawasiliano, iliyoanza na NetFlow ya Cisco katika miaka ya 1990 na kusanifishwa kama IPFIX mwaka 2013, hukabili tatizo hilo kwa namba za mfuatano: mkusanyaji anayeona namba zikiruka anajua kwamba kuna rekodi hazikumfikia, na anajua ni ngapi. Hawezi kuzirudisha, lakini ripoti yake inaweza kusema ukweli kuhusu mapungufu yake yenyewe.

3.0 Njia za kuunganisha zikipimwa kwa ukimya

Ukiacha majina ya kibiashara, njia za kuunganisha ni chache. Mpokeaji anaweza kuvuta data kwa kuhoji kiolesura cha programu, yaani API. Chanzo kinaweza kuisukuma data pindi tukio linapotokea. Pande mbili zinaweza kuweka foleni ya ujumbe katikati yao. Mpokeaji anaweza kusoma moja kwa moja hifadhidata ya zana ya ufuatiliaji. Na njia kongwe kuliko zote, ambayo bado ina heshima yake, ni faili inayotolewa kila usiku na kuchukuliwa asubuhi.

Kuvuta kuna sifa moja inayokifanya kuwa njia ya kuanzia katika mazingira mengi: anayeuliza anajua kwamba ameuliza. Asipojibiwa, kutojibiwa huko ni taarifa. Prometheus, programu iliyoanzishwa katika kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, imeifanya sifa hii kuwa msingi wa usanifu wake. Kila inapokwenda kuchukua vipimo, huandika kipimo cha ziada kiitwacho up, chenye thamani 1 ikiwa chanzo kimejibu na 0 ikiwa hakikujibu. Ukimya umepewa namba, na namba hiyo inaweza kuwekewa tahadhari kama kipimo kingine chochote.

Programu hiyohiyo inaonyesha pia yanayotokea sifa hiyo inapoachwa. Kwa kazi fupi ambazo huisha kabla ya kuhojiwa, Prometheus ina kijenzi kiitwacho Pushgateway: kazi husukuma vipimo vyake humo, na Prometheus huja kuvivuta baadaye. Kijenzi hicho hakisahau. Thamani iliyosukumwa mara ya mwisho huendelea kuonyeshwa hadi ifutwe kwa makusudi, hata kama aliyeisukuma amekwisha kuzimwa. Kipimo cha up nacho hubaki 1, kwa sababu Pushgateway yenyewe iko hai. Nyaraka za Prometheus zinatahadharisha juu ya jambo hili waziwazi, lakini kijenzi hicho huvutia wanaotafuta njia rahisi ya kupenya ukuta wa moto, na wengi huishia kujenga mfumo ambamo maiti hujibu salamu.

Kusukuma kwa webuhuku, yaani chanzo kupiga anwani ya wavuti ya mpokeaji kila tukio linapozuka, ndiyo njia inayopendekezwa zaidi leo kwa mifumo ya tiketi. Ni ya haraka, ni nyepesi, na haihitaji mpokeaji kuuliza kila dakika kama kuna jipya. Udhaifu wake ni uleule wa arifa za SNMP za tangu zamani, zilizotumwa kwa UDP katika mlango namba 162 bila ya kukiriwa, hadi toleo la pili la itifaki hiyo mwaka 1993 lilipoleta arifa inayodai jibu. Webuhuku angalau hupitia TCP, hivyo mtumaji hujua kama ujumbe umepokewa. Suala ni kile anachokifanya akijua kwamba haukupokewa. Baadhi ya zana hujaribu mara chache kisha hukata tamaa. Zana nyingine hujaribu tena hata pale ambapo ujumbe ulifika lakini jibu ndilo lililopotea, na matokeo yake ni tiketi mbili kwa hitilafu moja. Kwa hiyo kiunganishi cha kusukuma kinahitaji ufunguo wa tukio usiobadilika, ili ujumbe unaorudiwa utambuliwe kuwa ni uleule.

Hata ufunguo huo hautatui tatizo la msingi. Katika njia ya kusukuma, ukimya unaweza kuwa na maana tatu. Ya kwanza ni kwamba hakuna tatizo. Ya pili ni kwamba tatizo lilikuwapo na limekwisha: katika Alertmanager, kwa mfano, tahadhari isiyohuishwa hadi muda wake wa mwisho upite huhesabiwa kuwa imetatuliwa. Ya tatu ni kwamba mjumbe mwenyewe amekufa. Ikiwa seva ya Prometheus itazimika katikati ya hitilafu, tahadhari zilizokuwa zikiwaka zitafifia moja baada ya nyingine na ujumbe wa "imetatuliwa" utatumwa kwa dawati la huduma. Fundi aliye zamu atafunga tiketi wakati mtandao ungali umelala.

Dawa inayojulikana ni kugeuza ukimya uwe ndiyo ishara ya hatari. Huundwa tahadhari moja inayowaka daima, isiyo na sharti lolote, na kutumwa kila baada ya dakika chache kwa mfumo ulio nje kabisa ya mnyororo wa ufuatiliaji. Mfumo huo wa nje hauna kazi nyingine ila kusubiri mapigo hayo, na kupiga kelele yanapokoma. Ni kifaa kidogo, kinachoweza kuandikwa kwa mistari michache ya msimbo. Inashangaza jinsi kinavyokosekana katika mipango ya kuunganisha iliyogharimu fedha nyingi.

Foleni ya ujumbe, mfano wake Kafka iliyofunguliwa kwa umma na LinkedIn mwaka 2011, huhamisha ukimya kutoka kwa mtumaji kwenda kwa msomaji. Ujumbe hukaa katika foleni kwa muda uliopangwa. Mpokeaji akilala saa mbili, akiamka huendelea alipoishia. Kilichobaki kupimwa ni umbali wa msomaji nyuma ya foleni. Njia hii inafaa sana kwa data ya mikondo na kumbukumbu za matukio, ambazo ni nyingi na zina wasomaji zaidi ya mmoja. Kwa taasisi ndogo yenye ruta 20 na wahandisi wawili, foleni ni mzigo: ni mfumo mmoja zaidi unaohitaji kufuatiliwa, na swali la nani anafuatilia foleni hurudi palepale lilipoanzia.

Ama kuhusu kusoma hifadhidata ya zana moja kwa moja, faida yake ni ya siku ya kwanza tu. Muundo wa majedwali ya ndani si ahadi kwa mtu wa nje, na toleo jipya la zana linaweza kuubadilisha. Hatari kubwa zaidi hutokea pale ambapo safu haikuondolewa bali imeacha kujazwa: hoja hurudisha jibu halali lenye mistari sufuri, na sufuri hiyo husomwa kuwa ni amani. Faili ya usiku, kinyume chake, ina adabu. Isipokuwapo asubuhi, haipo, na kila mtu anaona. Kwa ripoti za uwezo wa mtandao ambazo hazihitaji kasi ya dakika, hakuna sababu ya kuidharau.

4.0 Jina na saa

Njia ikishachaguliwa, kuna mambo mawili yanayoweza kuifanya data iliyofika salama isiwe na maana: jina la kitu kilichopimwa na wakati kilipopimwa.

Katika SNMP kila kiolesura hutambulishwa kwa fahirisi ya namba. Katika vifaa vingi namba hiyo haikuhakikishiwa kubaki ileile baada ya kifaa kuwashwa upya au kadi kuongezwa. Zana ya ufuatiliaji yenyewe huweza kugundua badiliko hilo na kujirekebisha, lakini mfumo wa tiketi uliopewa namba 7 kama utambulisho wa "kiungo cha tawi" utaendelea kuamini namba 7 hata pale inapokuwa ni kiolesura cha majaribio kisichotumika. Ukimya wa namba 7 hapo si wa kweli wala si wa uongo. Ni wa kitu kingine. Utambulisho unaopaswa kusafiri ni jina la kiolesura pamoja na jina la kifaa, au maelezo aliyoyaandika mhandisi mwenyewe katika usanidi, mradi kuwe na nidhamu ya kuyaandika.

Saa ina matatizo yake, na katika Afrika Mashariki ina tatizo moja zaidi. Mtindo wa zamani wa Syslog, kama ulivyoelezwa mwaka 2001, huandika mwezi, tarehe na saa bila ya mwaka na bila ya ukanda wa saa. Mtindo uliosanifishwa mwaka 2009 uliongeza vyote viwili, lakini vifaa vingi vingali vikituma ule wa zamani. Ichukuliwe kwamba kiungo kimekatika usiku. Seva iliyopangwa kwa saa ya kimataifa inaandika 23:00 ya tarehe 11. Ruta iliyopangwa kwa saa ya Afrika Mashariki inaandika 02:00 ya tarehe 12. Mlinzi wa jengo aliyeona taa za kifaa zikizimika anaandika katika daftari lake kwamba ilikuwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 12. Wote watatu wamesema kweli, na wote wamesema wakati mmoja. Zana inayooanisha matukio kwa kulinganisha namba itaona matukio matatu yaliyoachana kwa saa nyingi. Zaidi ya hapo, itaona pengo la ukimya kati yake, na mchambuzi asiye mwangalifu ataeleza sababu za pengo ambalo halikuwapo.

Kwa sababu hiyo kiunganishi kinapaswa kubeba wakati katika saa ya kimataifa, pamoja na tofauti ya ukanda, na kuacha kazi ya kugeuza kwa dashibodi inayoonwa na binadamu. Fomu ya tiketi inayojazwa kwa mkono nayo ibainishe kama saa inayoandikwa ni ya Kiswahili au ya saa ishirini na nne. Hili huonekana dogo mno kuandikwa katika hati ya usanifu, na pengine ndiyo maana haliandikwi.

5.0 Uchaguzi kwa kila mpokeaji

Kigezo cha ukimya hakitoi jibu moja kwa taasisi nzima. Hutoa jibu kwa kila mpokeaji. Dashibodi inahitaji data mbichi na inaweza kuvumilia pengo, mradi pengo lionekane kama pengo. Kuvuta kunaitosha. Mchambuzi wa usalama anahitaji rekodi zote, hata zilizochelewa. Foleni inamfaa, au angalau itifaki yenye namba za mfuatano.

Mfumo wa tiketi ndio mgumu, kwa kuwa unahitaji kasi na pia unahitaji uhakika. Mpango unaokidhi yote mawili ni kutumia njia mbili kwa pamoja: webuhuku kwa kasi, na kila baada ya robo saa au nusu saa mfumo wa tiketi uhoji API ya ufuatiliaji na kulinganisha orodha ya hitilafu zilizo wazi pande zote mbili. Tahadhari iliyopotea njiani hugunduliwa katika ulinganisho, na tiketi iliyofungwa kimakosa hufunguliwa tena. Gharama ni kazi ya ziada ya kuandika ulinganisho huo, ambayo si kubwa ikiwa ufunguo wa tukio umeshakuwapo.

Kinyume cha ukimya nacho hudhuru. Matawi 40 yakitegemea kiungo kimoja, kukatika kwa kiungo hicho huzalisha tahadhari 41, na mfumo wa tiketi uliounganishwa bila ya uchujaji utafungua tiketi 41. Iliyo muhimu imo humo, imefunikwa na nyingine. Kwa hiyo uhusiano wa utegemezi baina ya vifaa ushughulikiwe katika zana ya ufuatiliaji, ambayo inaijua ramani ya mtandao, kabla data haijavuka kwenda upande wa pili. Mpokeaji apewe tahadhari moja yenye maelezo ya matawi yaliyo nyuma yake. Hapa pana mtego: kunyamazisha tahadhari za matawi ni kutengeneza ukimya kwa makusudi, na tawi lililoharibika kwa sababu yake lenyewe wakati kiungo kikuu kimekatika litabaki kimya. Kiungo kikuu kinaporudi, hali za matawi yote zihojiwe upya badala ya kudhaniwa kuwa zimerudi pamoja nacho.

Upande wa sheria, data ya mikondo inabeba anwani za wanaowasiliana, na kuisafirisha kwenda kwa mtoa huduma wa nje ya nchi kunaweza kuangukia katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 au ile ya Kenya ya mwaka 2019. Njia salama ni kujumlisha data ndani kabla ya kuituma, isipokuwa pale ambapo uchambuzi wa usalama unadai anwani kamili.

6.0 Njia ya pembeni na jaribio lake

Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook zilitoweka duniani kwa takribani saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata uti wa mgongo wa mtandao wa kampuni, seva zake za majina zikajiondoa katika intaneti, na wahandisi wakakuta kwamba zana nyingi za ndani ambazo wangezitumia kuchunguza tatizo zilitegemea majina hayohayo. Ilibidi watu wapelekwe kwenye vituo vya data. Kampuni yenye uwezo mkubwa kuliko taasisi yoyote ya ukanda huu iliangushwa na mzunguko uleule ulioelezwa mwanzoni: chombo cha kutoa habari kilipita katika njia iliyokuwa ndiyo habari yenyewe.

Kwa taasisi ya Afrika Mashariki, njia ya pembeni ya bei nafuu ipo na imezoeleka. Modemu ya simu iliyochomekwa katika seva ya ufuatiliaji inaweza kutuma SMS kwa wahandisi, na SMS ya ndani ya nchi kwa kawaida haihitaji mkongo wa kimataifa ili ifike. Haifai kubeba vipimo wala kumbukumbu. Inabeba sentensi moja, nayo inatosha. Laini yake iwe ya kampuni tofauti na ile inayotoa intaneti ya taasisi, na salio lake liwe ni kitu kinachofuatiliwa pia, kwa kuwa modemu isiyo na salio ni aina nyingine ya mjumbe aliyekufa.

Jaribio la mpango wote ni rahisi kulieleza. Siku ya kazi ya kawaida, baada ya wakuu wa idara kuarifiwa na dawati la huduma kutoarifiwa, seva ya ufuatiliaji huchomolewa waya wake wa mtandao. Hakuna ruta inayoguswa na hakuna mtumiaji anayeathirika. Kisha huandikwa saa, kwa ukanda wake, ambayo mtu wa kwanza wa dawati la huduma ameuliza kwa nini kumekuwa kimya.